Antena ya Yagi iliyotumika: kuiunganisha upya na kuitunza ukiwa karibu na bahari, mwongozo kamili

Antena mpya ya Yagi, ile ya mabomba inayotuma na kupokea zaidi upande mmoja, ya bendi tatu, yaani mawimbi ya mita 10, 15 na 20, mpaka ikufikie Dar ukijumlisha usafiri na ushuru inaweza kukutoka hela nyingi kuliko redio yenyewe, ndo maana wengi wetu kwenye redio ya ridhaa, wanaorusha redio kama burudani, tunaishia kuchukua iliyotumika. Mara nyingi inakuwa ni mtu anahama, au kahamia ghorofani hana pa kuiweka, antena imelala uani miaka kadhaa imefungwa kwa kamba, mabomba yote fungu moja kama mzigo wa kuni, bolti ziko kwenye kopo la maziwa na nusu yake hazipo. Yangu niliichukua hivyo hivyo, elementi tatu (mabomba ya kukingama), bomba kuu la kuzibeba la kama mita 4.3, na sasa iko juu Kigamboni mita chache kutoka baharini. Alumini haizeeki haraka jamani. Kinachoua hizi antena ni viungio vilivyoota oksaidi na mpangilio uliopotea, na vyote viwili unaweza kuvirekebisha kwa mikono yako.

Kabla hujatoa hela

Nenda na tesita, futi kamba na tochi. Angalia kila bomba kwa urefu wake kama unavyoangalia mshale, likiwa limepinda kidogo linanyooshwa, likiwa limekunjika mpaka kuna mkunjo mkali hilo litakatika kwenye upepo, lihesabu kama halipo. Unga mweupe juu ya alumini usikutishe, unatoka. Vishimo virefu vilivyokula ndani ya chuma ndo tatizo, hasa pale U-bolti zilipokuwa zinabana.

Afu hesabu trapu, yale makasha yenye koili na kapasita yaliyo katikati ya mabomba. Antena ya elementi tatu yenye trapu tofauti kwa kila bendi inatakiwa iwe na trapu 12, nne kwa kila elementi, ila zipo zinazoweka trapu mbili ndani ya kasha moja, hizo utakuta makasha 6. Ikipungua hata moja, bei ishuke sana au uache, maana mabomba utayapata kwa wauza alumini lakini trapu ya modeli fulani kuipata ni kazi nyingine kabisa. Kila trapu itikise karibu na sikio. Ikigonga ndani, kuna kitu kimelegea. Pima kwa tesita kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, koili iko sambamba na kapasita kwa hiyo unatakiwa usome karibu sifuri om. Ikisoma wazi, koili imekatika au riveti yake imeota oksaidi.

Trapu inafanya nini, maana bila kulielewa hili utakosea baadaye

Kwenye masafa yake trapu inakuwa kama mlango uliofungwa. Ukirusha kwenye bendi ya mita 10, umeme unafika trapu ya kwanza unaishia hapo, nje ya hapo bomba halihesabiki. Mita 15 inapita ya kwanza inaishia ya pili. Mita 20 inapita zote mpaka nchani. Kwa hiyo kutoka katikati kwenda nje, trapu ya mita 10 ndo inakaa ndani na ya mita 15 nje yake. Nusu wimbi unaipata kwa kugawa 143 kwa megahezi, kwa 14.2 ni kama mita 10, lakini elementi ndefu kabisa ya antena kama yangu ina mita 8 na nusu tu kwa sababu koili za trapu zinaifupisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Trapu za rifleksa (elementi ya nyuma), za elementi inayolishwa (ya katikati, inayofungwa kebo) na za direkta (ya mbele) zinaweza kufanana kwa macho kabisa lakini hazijatengenezwa sawa. Mimi mara ya kwanza nilibadilisha trapu moja ya direkta ikaenda kwenye rifleksa, kwenye 21 megahezi (bendi ya mita 15) SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ambapo 1 ndo bora, ikasoma 1.6 nikaridhika, nikapandisha. Nikaielekeza kaskazini nikamsikia jamaa wa Ulaya vizuri, nikaizungusha digrii 180 nikamsikia vile vile! Yaani ilikuwa na SWR nzuri lakini haina mbele wala mgongo. Ilinilazimu kuishusha yote tena, wikiendi mbili zikaisha.

Weka alama kabla ya kutenganisha chochote

Piga picha za kila kiungio kwa karibu na futi kamba ikiwa imelazwa pembeni. Andika kwenye daftari urefu wa kila kipande kinachoonekana nje, kutoka ukingo wa trapu mpaka ukingo wa bomba linalofuata, kwa milimita. Maka peni usiitegemee peke yake kwa sababu ukianza kusafisha kwa spiriti inafutika. Mimi natumia tupa ndogo, mkwaruzo mmoja kwa rifleksa, miwili kwa inayolishwa, mitatu kwa direkta, na upande wa kulia naongeza kimkwaruzo kidogo pembeni. Unaweka sehemu ambayo haiingii ndani ya bomba lingine. Kama antena imeshatenganishwa na aliyekuuzia, tafuta kitabu cha modeli hiyo mtandaoni kwanza, vingi vipo, na makasha mengi ya trapu yana herufi au namba zimegongwa, safisha taratibu kwa kitambaa utaziona.

Mabomba yaliyogandana

Hii ndo hatua watu wanaharibu antena. Bomba dogo limo ndani ya kubwa, oksaidi imejaa katikati imevimba, halitoki. Usishike spana ya bomba, ile ya mafundi maji, itatafuna alumini na kulifanya duara liwe yai. Toa bolti na klampu zote, ukisahau skrubu moja ndogo utavuta mpaka kesho. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ukingo, simamisha bomba ili yashuke ndani, liache usiku kucha. Asubuhi chemsha birika la maji, mwagia polepole bomba la nje peke yake, linatanuka kabla joto halijafika la ndani, hapo hapo mwenzako ashike upande mmoja na wewe mwingine mzungushe. Msivute kwanza, mzungushe kushoto kulia mpaka usikie ule mlio wa kukwaruza, kama mchanga kwenye meno, ndo oksaidi inavunjika, baada ya hapo linatoka lenyewe. Kwa kushikia tumia kipande cha tyubu ya baiskeli, kinashika vizuri ajabu na hakiachi alama. Moto wa gesi usiusogeze karibu na trapu, ndani kuna plastiki.

Kusafisha

Osha kwanza kwa maji ya bomba na sabuni kutoa chumvi. Afu sehemu zinazoingiliana tu ndo unazisugua, kwa spanji ya kijani ya kuoshea vyombo au msasa laini namba 400, mpaka alumini ing'ae. Ndani ya bomba la nje usikusahau, zungushia msasa kwenye kijiti uingize kama unavyosafisha chupa. Stili waya usitumie kabisa, inaacha vipande vidogo vya chuma vinavyozama kwenye alumini na karibu na bahari vinaota kutu na kuila kutokea hapo. Mwisho futa kwa spiriti, kitambaa kikitoka cheusi rudia.

Alumini ukishaing'arisha inaanza kufunika oksaidi mpya saa hiyo hiyo, kwa hiyo usisafishe leo ukaunganisha wiki ijayo. Paka grisi ya viungio vya alumini, ile yenye chembe za zinki wanayotumia mafundi wa laini za umeme, ukiulizia kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo wanaelewa. Tandazo jembamba tu linatosha, chembe zenyewe ndo zinatoboa oksaidi. Grisi ya kawaida ya bearingi inazuia maji lakini haina hizo chembe.

Trapu zenyewe

Kama tesita imesoma vizuri na haigongi ndani, usiifungue. Kagua vifuniko vya plastiki vya mwisho, jua la huku linavipasua, vikipasuka badilisha. Kila trapu ina tundu dogo la kutolea maji, lisafishe kwa waya mwembamba bila kuuzamisha ndani.

Nieleze moja niliyoikuta. Trapu ya nje upande wa kushoto wa elementi inayolishwa ilikuwa nzito kidogo kuliko pacha wake, nilihisi tu mkononi. Tundu limezibwa kwa udongo mkavu, laini, wa rangi ya chungu. Nilipotoa kifuniko ndani kumejaa vyumba vya nyigu wa udongo, vimepangwa juu ya koili kama mitungi, kimoja bado kina buibui waliokauka. Kikiwa kikavu hakuna tatizo kubwa ila mvua ikinyesha ule udongo unalowa na unapitisha umeme kati ya mizunguko ya koili, na aliyekuwa nayo mwanzo alikuwa ananiambia mita 15 inakufa kila masika hajui kwa nini. Nilitoa udongo kwa brashi ya meno, nikapuliza, nikaacha juani siku nzima, nikarudishia kifuniko kipya. Usijaze silikoni kwenye hilo tundu kuzuia nyigu! Maji lazima yatoke. Weka kipande cha neti ya dirisha.

Ukiwa na NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, linganisha trapu pacha, ya kushoto na ya kulia za elementi hiyo hiyo. Masafa yake yakipishana zaidi ya kama kilohezi 100 mojawapo ina shida. Zisizo za elementi moja usizilinganishe.

Bolti na nati

Hapa usibane pesa. Tupa zote zilizoota kutu, nunua chuma kisichoshika kutu, na kama unasikia mawimbi kutoka nyumbani kwako tafuta daraja la 316 badala ya 304, linahimili chumvi zaidi. Nati za aina hii zina tabia ya kung'ang'aniana na bolti zake ukikaza kavu, zinaganda katikati hazirudi wala haziendi, kwa hiyo kila bolti paka grisi kwenye nyuzi kabla. Shaba isiguse alumini moja kwa moja, waya wa kebo ufunge kwenye lagi iliyopakwa risasi na katikati weka washa ya chuma kisichoshika kutu, la sivyo ndani ya mwaka mmoja wa hewa ya bahari utakuta unga wa kijani na tundu.

Kuunganisha

Weka bomba kuu juu ya vigoda viwili virefu au ngazi mbili. Rifleksa, ambayo ni ndefu, inakaa nyuma, inayolishwa katikati, direkta fupi mbele. Pima nafasi kati yake kwa kitabu au daftari lako. Simama nyuma, funga jicho moja, elementi zote tatu zilale mstari mmoja. Matundu ya trapu yote yaangalie ardhini, likague hilo mara mbili maana ukishapandisha ndo basi.

Ndani ya kila elementi ingiza kamba ya plastiki, ile ya manila ya bei rahisi, mpaka karibu nusu ya urefu. Isiyonyonya maji, siyo ya pamba. Upepo wa kusi ukipiga siku nzima bomba tupu linatetemeka na kuvuma kama filimbi na mtetemo huo ndo unakata alumini pale kwenye klampu, kamba inaunyonya. Afu ziba ncha kwa vifuniko vya mpira.

Elementi inayolishwa pima kwa tesita, nusu moja na nyingine hazitakiwi kuwasiliana, isipokuwa kama modeli yako ina ile pini ya umbo la U ya kulinganisha, hapo utasoma sifuri na ni sawa. Kwenye mlango wa kebo tengeneza choki, mizunguko 8 ya kebo yenyewe yenye kipenyo cha kama sentimita 15, ifunge kwa zipu tai nyeusi, nyeupe zinakufa na jua. Bila choki kebo yako inageuka kuwa sehemu ya antena na kelele zote za chaja na taa za LED za mtaani zinaingia humo.

Kebo

Watu wanahangaika na antena wakati kebo ndo imeoza. Mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye bendi ya mita 10 zinakula karibu asilimia 40 ya wati zako, ile nene ya RG-213 ya urefu huo inakula kama asilimia 20. Na kebo mbovu inakudanganya, kwa sababu inakula na kile kinachorudi, SWR inaonekana tamu kabisa. Jaribio lake ni rahisi, chomoa upande wa antena uache wazi, pima SWR kutoka upande wa redio. Kebo nzima itasoma juu sana. Ikisoma 3 tu, ujue nusu ya nguvu inapotelea njiani, itupe. Kebo nyeupe ya dishi ni om 75 siyo 50, usiichanganye.

Kupima ukiwa bado chini

Simamisha antena ikiangalia mbinguni, rifleksa ikiwa chini, mita moja au mbili kutoka ardhini. Vipimo hapo vinakaribia sana vya juu mlingotini, tofauti na ukiilaza. Anza kurekebisha mita 10, ukimaliza mita 15, mwisho mita 20, kwa sababu kipande cha ndani kinaathiri bendi zote zilizo nje yake. Sogeza pande zote mbili sawa sawa. Kwenye 14 megahezi sentimita 1 kila upande inahamisha kilohezi 30 hivi au zaidi, kwa hiyo nenda kidogo kidogo. Usikate bomba! Antena hii ilishawahi kufanya kazi, kama haisomi vizuri kuna kipimo umekosea au kiungio kichafu, rudi kwenye daftari. Na usiumizwe kichwa na kutafuta 1.0, SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu na 2 inarudisha kama 11.

Kupandisha

Nyaya za umeme kwanza. Zile za juu mtaani ni volti 11,000 au 33,000 na hazina ganda. Chukua urefu wa mlingoti mzima, ongeza urefu wa antena, ndani ya umbali huo kusiwe na waya wowote upande wowote ambao mlingoti unaweza kuangukia, kama upo tafuta sehemu nyingine, hakuna mjadala. Panda asubuhi kabla upepo haujaamka, mkanda wa usalama kiunoni, watu watatu chini wameshika kamba, mmoja tu ndo anatoa amri. Mita 10 kutoka ardhini ni nusu wimbi kwa bendi ya mita 20, hapo inafanya kazi vizuri.

Konekta za PL-259, zile za ncha za kebo, zilehemu kwa risasi, usiridhike na kubana. Kuzifunika anza na tepu ya umeme, juu yake ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute mpaka ipungue upana, juu yake tepu ya umeme tena kuikinga na jua. Zungusha kutoka chini kwenda juu kama unavyoezeka makuti, mzunguko wa juu ulale juu ya wa chini maji yateleze. Kabla kebo haijaingia ndani iachie kitanzi kinachoning'inia ili matone yadondokee hapo. Mlingoti ufungie nondo ya shaba ardhini, na chomoa kebo uiweke nje ya dirisha kabla mawingu hayajaanza kunguruma.

Leseni nayo uwe nayo kabla hujarusha, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa huku, Kenya ni Communications Authority.

Kuitunza

Siku ya kwanza andika SWR ya kila bendi kwenye sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, na tarehe. Hiyo karatasi ndo daktari wako. Kila mwezi pima tena ulinganishe. Ikibadilika mvua ikinyesha na kurudi ikikauka, maji yameingia kwenye konekta au trapu. Ikirukaruka upepo ukivuma na redioni unasikia mikwaruzo, kuna kiungio kimelegea. Ikihama polepole upande mmoja miezi mingi, oksaidi imerudi.

Mara mbili kwa mwaka ikague kwa karibu, Februari kabla ya masika na Oktoba kusi ikishatulia. Ile ya Oktoba ndo kubwa, chumvi ya miezi yote imeganda, ukipitisha kidole kwenye bomba kinatoka na unga wa chumvi kabisa. Ioshe kwa maji baridi ya bomba, kaza bolti, angalia tepu za konekta, angalia matundu ya trapu kama nyigu wamerudi. Baada ya miaka mitatu hivi ishushe nzima, fungua viungio, safisha na paka grisi upya, na safari hii mabomba yatatoka kwa mkono tu bila maji ya moto.

Halafu kunguru. Wale wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 sasa wamejaa pwani nzima, na ncha ya direkta wanaipenda kuliko mnazi. Mmoja hana shida, wakikaa sita upande mmoja elementi inazunguka kwenye klampu na mavi yao yanaila alumini. Mimi nimefunga uzi wa kuvulia samaki sentimita 10 juu ya elementi kutoka ncha mpaka katikati, wakitua unawagusa miguu wanaondoka. Uzi wenyewe jua linaula, ubadilishe kila Oktoba ukiwa uko juu huko huko.